Ng'ombe wa Njombe Hateremki Igawa Hivi Hivi

Wiki hii mawifi, wachumba na madeni ya vikoba wapumzike kidogo, kwa sababu nimepata swali kutoka Makambako ambalo nikilijibu kwa mistari miwili nitakuwa nimemdhulumu aliyeuliza.

Mdogo wangu huyu ameuza parachichi na msimu umemwendea vizuri. Anataka kununua mtamba. Mumewe analima mpunga Rujewa, na anasema mtamba apelekwe huko: majani ya mpunga yapo ya kumwaga, na vijana wa kumwangalia wapo. Amempata Njombe mjini, Friesian mwenye madoa meusi na meupe, mama yake anasifika mtaa mzima kwa maziwa. Mtamba huyo ana mimba ya miezi mitano. "Shikamoo dada," ameandika, "nimpakie?"

Marahaba, mdogo wangu. Huyo usimpakie. Mnunue ukitaka, ila akae huku juu. Wa Rujewa mtafute mwingine, mwenye damu nyingine. Sasa vuta kigoda, maana shemeji atakuuliza kwa nini, na ukimjibu tu kwamba dada wa gazetini amekataza atacheka.

Anza na barabara yenyewe. Njombe mjini ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako, pale njia ya Songea inapoungana na njia kuu ya Mbeya na reli ya TAZARA inapokatiza, bado ni juu, zaidi ya mita 1,600, na upepo wake mnaujua. Ukielekea Mbeya unateremka: Halali, Igawa, na hapo unaingia tambarare ya Usangu. Rujewa ipo kama mita 1,100. Wewe kwenye basi unavua koti na kufungua dirisha. Ng'ombe koti lake limeota mwilini.

Na tatizo haliko kwenye koti peke yake. Tumbo la ng'ombe wa maziwa ni jiko lisilozimwa. Vijidudu vilivyomo tumboni vinachachusha majani usiku na mchana, na uchachu huo unatoa joto. Kisha mwili unageuza chakula kuwa maziwa, na kazi hiyo nayo inatoa joto. Kadiri maziwa yanavyoongezeka ndivyo joto linavyozidi. Zebu, yule ng'ombe wetu wa kienyeji, wa Usangu anayekupa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya ana joto dogo la kutoa. Friesian wa lita 15 ana joto kubwa mno, na lote lazima litoke kupitia ngozi na pumzi, mwili ubaki kwenye nyuzi 38.5 hivi. Njombe linatoka lenyewe, kwa sababu hewa ya nje ni baridi. Rujewa mwezi wa kumi, saa nane mchana, litoke liende wapi?

Wataalamu wana kipimo kinachochanganya joto la hewa na unyevu wake kuwa namba moja. Namba ikifika 72, ng'ombe wa damu ya Ulaya anaanza kuelemewa. Kwa yule anayetoa maziwa mengi sana, 68 inatosha kumwangusha. Sasa tafsiri yake kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50: namba 72 ni nyuzi 25, na namba 68 ni nyuzi 22. Nyuzi 22, jamani! Njombe siku kama hiyo tunafua mablanketi. Mchana wa nyuzi 32 wenye unyevu wa asilimia 40, namba inakuwa 79. Hapo Friesian wako anahema mdomo wazi na mate yanamtoka. Mhesabie pumzi ubavuni kwa dakika moja: zikizidi 60, joto limemshinda.

Akishahema hivyo, hali. Asipokula, maziwa yanashuka, na watu wengi wanadhani hesabu inaishia hapo. Haiishii. Kule Marekani watafiti walichukua ng'ombe wakawagawa: kundi moja likakaa kwenye joto, jingine likakaa mahali pa baridi lakini likapewa chakula kidogo, sawasawa na kile kilicholiwa na wenzao wa kwenye joto. Wa baridi nao walipunguza maziwa, ila upungufu wao ulikuwa kama nusu tu ya ule wa waliokaa kwenye joto. Nusu nyingine joto lilikuwa linaichukua lenyewe, kwa kubadilisha namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Kwa hiyo shemeji akikwambia atamwongezea pumba na mashudu ya alizeti, mwambie pumba zitarudisha sehemu, hazitarudisha yote.

Kuna na la mimba, ambalo mimi ndilo linaniuma zaidi. Mtamba wako ana miezi mitano. Ukimpeleka sasa, miezi ya mwisho ya mimba ataimalizia kwenye joto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wamefuatilia kwa miaka ng'ombe waliokaa kwenye joto kama siku 45 za mwisho kabla ya kuzaa. Kiwele cha mama hakikujijenga vizuri, maziwa yakapungua. Hilo ungelitarajia. Lakini ndama majike waliokuwa tumboni wakati ule nao, walipokua na kuzaa, walitoa maziwa pungufu, ingawa wao wenyewe walikuzwa vizuri. Wajukuu pia wakaonekana kuguswa. Maana yake ni kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa, ambaye hamkamui na kwa hiyo mnamsahau kule nyuma ya nyumba, ndiye anayestahili kivuli kabla ya wote. Hilo ni kwa wote mnaofuga mabondeni, hata mwenye chotara.

Haya, sasa damu. Hapa ndipo mnapodanganywa sana mnadani.

Friesian alitengenezwa na wafugaji wa pwani ya Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, kwenye majani mabichi na ubaridi, halafu kwa vizazi vingi akachaguliwa kwa jambo moja: maziwa. Aliyetoa mengi alizalishwa, aliyetoa machache akaenda buchani. Hakuna aliyemuuliza kama anastahimili jua, kwa sababu jua kali halikuwepo. Zebu wetu alipitia mtihani mwingine. Jua, ukame, kupe na njaa ya mwezi wa kumi na moja viliwaondoa dhaifu kwa maelfu ya miaka, huko Asia ya kusini alikotokea na huku Afrika. Aliyebaki ana manyoya mafupi yanayolala, ngozi inayotoa jasho vizuri, mwili unaochoma chakula polepole, na chembe za mwili ambazo hazifi haraka joto linapopanda. Maziwa hayakuwa kwenye mtihani wake, ndiyo maana hana.

Je, huwezi kupata vyote viwili? Swali zuri, na jibu lake lina uchungu kidogo. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichukua rekodi za maziwa za ng'ombe wengi, wakazilinganisha na taarifa za hali ya hewa za siku ambazo maziwa yalipimwa. Wakaona kwamba familia zenye vinasaba vya maziwa mengi ndizo zilizoelekea kuangushwa zaidi na joto. Vitu hivi viwili vinavutana. Havivutani kwa nguvu zote, wapo madume wachache wanaorithisha maziwa na ustahimilivu pamoja, ila ukichagua kwa lita peke yake, kizazi baada ya kizazi, unaushusha ustahimilivu bila kujua. Australia walilielewa hilo, na tangu mwaka 2017 wafugaji wao wanapewa alama ya ustahimilivu wa joto kwa kila dume, pembeni ya alama ya maziwa. Sisi tunaposoma karatasi ya mbegu tunakimbilia idadi ya lita, na mara nyingi ni lita zilizokamuliwa Uholanzi au Canada, kutoka kwa ng'ombe aliyekula nafaka ndani ya banda lenye feni.

Msidhani ipo jeni moja ya maziwa ambayo mtu ataichomoa na kuipachika. Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu, na jeni zinazogusa maziwa zimetawanyika humo kwa mamia, kila moja inaongeza au kupunguza kidogo. Ustahimilivu wa joto nao ni hivyo hivyo, isipokuwa kisa kimoja ambacho nakipenda. Kwenye kisiwa cha Saint Croix, kule Karibi, wapo ng'ombe wanaoitwa Senepol wenye manyoya mafupi sana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba siri ipo kwenye kromosomu ya 20, kwenye jeni ya kipokezi cha prolaktini, homoni ileile inayohusika na maziwa. Kuna herufi moja imedondoka, kipokezi kinatoka kifupi, na manyoya yanatoka mafupi. Ndama anahitaji nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Florida na Puerto Rico waliiingiza kwenye Friesian wao kwa kupandisha vizazi kadhaa, wakapata ng'ombe mwenye damu karibu yote ya Friesian, ambaye wakati wa joto mwili wake unabaki na ubaridi kuliko wenzake, na maziwa hayashuki sana.

Najua mtauliza mbegu hiyo inapatikana wapi. Muulize mhimilishaji wako aulize kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, kule Usa River Arusha, ambako ndiko mbegu nyingi za madume zinakotoka. Lakini hata ukiipata, manyoya mafupi hayafukuzi kupe. Na huko Usangu, mdogo wangu, mtamba wa Njombe ataondolewa na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla joto halijamaliza kazi yake. Amekulia bandani, kupe amewaona wachache. Zebu ameishi na ugonjwa huo tangu mababu zake, na kinga yake nayo ni ya kurithi kwa sehemu. Anayekuuzia ng'ombe wa kupeleka bondeni akakwambia habari za maziwa tu bila kutaja kupe, huyo anataka hela yako. Chanjo ya ndigana kali ipo, muulize daktari wa mifugo kabla mnyama hajapanda gari.

Kwa hiyo Rujewa apelekwe nani? Chotara. Na hapa naomba utulivu, maana neno chotara linaficha mambo mengi.

Ukimpandisha zebu wa kawaida au zebu wa aina ya Boran kwa mbegu ya Friesian, ndama ni nusu kwa nusu kamili. Huyu ana bahati ya pekee: kwenye kila jozi ya kromosomu ana moja ya Ulaya na moja ya kwetu, na mchanganyiko huo unampa nguvu inayozidi wastani wa wazazi wake. Anakua haraka, anashika mimba vizuri, hafifii, anatoa maziwa mara kadhaa ya mama yake. Kila aliyewahi kufuga mmoja anamsimulia. Kosa linakuja baadaye. Ukichukua chotara wa nusu ukampandisha na dume ambaye naye ni nusu, watoto kwa wastani watakuwa nusu, sawa, lakini ile nguvu ya mchanganyiko inapungua kwa nusu, na wanatawanyika: mmoja amefuata bibi, mwingine amefuata babu. Unabaki unashangaa kwa nini mtoto wa ng'ombe mzuri kiasi kile anatoa kikombe.

Ukimpandisha chotara wa nusu kwa Friesian, mtoto ni robo tatu. Huyo tena kwa Friesian, ni sehemu saba kati ya nane. Kila hatua ahadi ya maziwa inaongezeka, ustahimilivu unapungua, na mahitaji ya chakula yanapanda. Mradi mmoja mkubwa wa utafiti ulioongozwa na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ukipima vinasaba vya ng'ombe wa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki, ulionyesha mambo mawili. La kwanza, mfugaji akiulizwa ng'ombe wake ni damu gani, mara nyingi anakosea. La pili ni zito zaidi: kwenye kaya ambazo malisho na matunzo ni hafifu, ng'ombe mwenye damu nyingi ya Ulaya hakumzidi mwenye damu kidogo. Damu ya gharama ilikuwa imelala tu.

Kwa Rujewa basi, yenye majani makavu ya mpunga, jua na kupe, mimi ningechukua chotara wa nusu, asizidi hapo kati ya nusu na robo tatu. Upande wa zebu uwe Boran au Sahiwal ukimpata, kwa kuwa Sahiwal ni zebu wa Punjab aliyechaguliwa kwa maziwa. Upande wa Ulaya ningependa Jersey kuliko Friesian, tutalirudia hilo. Wabrazili waliliona mapema. Walichanganya Friesian na Gir, zebu wa Gujarat mwenye masikio marefu, wakasimama kwenye sehemu tano za Friesian na tatu za Gir, wakaita Girolando, na mwaka 1996 akatambuliwa rasmi kuwa kabila la ng'ombe. Na sisi tulikuwa na wetu kabla yao! Pale Mpwapwa, Dodoma, kazi ilianza enzi za mkoloni: Sindhi mwekundu na Sahiwal kutoka bara Hindi, zebu wetu, Boran, na damu kidogo ya Ulaya kama Ayrshire. Mwaka 1958 akatangazwa ng'ombe wa Mpwapwa. Alikusudiwa mfugaji wa nchi kavu, apate nyama na maziwa ya nyumbani. Wamebaki wachache, na TALIRI, taasisi yetu ya utafiti wa mifugo, ndiyo inayowashikilia. Mimi nadhani tulimwacha kwa sababu ya rangi. Ni mwekundu tu, hana madoa, hapendezi kwenye picha.

Na hiyo rangi niiseme vizuri, kwa sababu nawaona mnavyochagua mitamba mnadani kama mnachagua kitenge. Madoa ya Friesian yanarithiwa kwa namna ambayo ndama lazima apate jeni ya madoa kutoka pande zote mbili. Chotara wa nusu, mama yake akiwa zebu asiye na madoa, mara nyingi atatoka mweusi mtupu, labda na weupe kidogo tumboni. Unampita. Unamkimbilia robo tatu mwenye madoa mazuri, au mwenye damu kidogo zaidi ya hapo aliyebahatika kuyapata, na unalipa zaidi. Jeni za rangi ni chache, na haziko pamoja na zile mamia za maziwa. Badala ya kutazama mgongo, omba kumuona mama akikamuliwa. Ukiambiwa mama yupo mbali, uliza alizaa mara ngapi na kwa muda gani kati ya uzao na uzao. Ng'ombe anayezaa kila mwaka na kukupa lita nane atakulipa kuliko wa lita 16 anayekaa miaka miwili na nusu bila mimba.

Nyinyi wa Makambako na Njombe sasa, msije mkasema dada amewatisha mkauze Friesian wenu. Kinyume chake. Nyinyi mmekaa mahali ambapo sehemu kubwa ya Tanzania ingetamani. Serikali haikuweka Friesian wake Kitulo, kule Makete, kwenye mita zaidi ya 2,600, kwa bahati mbaya. Kule joto halina nafasi. Njombe ustahimilivu wa joto ni kitu ambacho huna sababu ya kukilipia. Ukiingiza damu ya zebu kwenye zizi la Njombe mjini kwa kuogopa jua, umetoa maziwa ukapata kinga usiyoihitaji. Wengine wamesikia redioni habari za mabadiliko ya tabianchi wakaanza kutafuta Sahiwal wa kufugia Uwemba. Jamani, Uwemba! Hata blanketi la mchana bado tunalihitaji.

Kinachowaangusha Njombe kinakuja kwa mlango wa nyuma, nacho ni undugu. Vikundi vya kopa ng'ombe lipa ng'ombe vilitusaidia sana, mama wengi waliinuka kwa ndama mmoja. Kiwanda cha maziwa kilichojengwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia kikatupa soko, mpaka jibini la Kiitaliano likatoka Njombe. Lakini kijiji kinapewa dume mmoja, na dume akiwa mzuri hakuna anayetaka kumtoa. Piga hesabu: mimba miezi tisa, mtamba anakuwa tayari kupandwa akiwa na miezi 15 hadi 18. Kwa hiyo miaka miwili tu baada ya dume kuingia kijijini, binti zake wa kwanza wanakuja kupandwa, na anayewapanda ni baba yao. Mtoto wa hapo, kwenye robo ya jeni zake, amepata nakala mbili zilezile zilizotoka kwa babu yake ambaye pia ni baba yake. Ndama wanadhoofika, mimba zinatoka, maziwa yanashuka, na tunalaumu majani. Dume wa kijiji abadilishwe kila miaka miwili. Mpeleke Ludewa, mpeleke Wanging'ombe, mlete wa kwao. Au tumieni mbegu za mrija, na muandike jina la dume kwenye daftari kila anapopandishwa. Daftari la shilingi mia tano.

Kuhusu daftari: tangu mwaka 2016 ILRI na TALIRI wana mpango unaoitwa ADGG, unaokusanya rekodi za maziwa za wafugaji wa Tanzania na kuchukua nywele za mkia za ng'ombe ili kusoma vinasaba. Kwa njia hiyo wanaweza kuwapanga madume kwa maziwa waliyotoa binti zao hapahapa, kwenye majani yetu na jua letu. Kama wapimaji wakija kwenu msiwafungie geti mkidhani ni watu wa kodi.

Makambako ipo katikati, na jibu lake lipo katikati. Mchana wa mwezi wa kumi na wa kumi na moja kuna saa chache ambazo ng'ombe wa lita nyingi anaelemewa, kisha usiku unapoa na anapumua. Usiku wa baridi ni dawa kubwa kuliko mnavyodhani. Robo tatu anafaa sana Makambako. Friesian mtupu anafaa pia, kwa masharti ya kivuli, maji ya kunywa wakati wowote, lita 60 hadi 100 kwa siku kwa mkamuliwa, na chakula kingi akipewa jioni na alfajiri ili uchachu wa tumboni usigongane na jua la mchana. Banda likipauliwa kwa bati, paa liinuliwe juu na kuta ziache upepo upite. Upepo wa Makambako tunaulalamikia kila siku, uacheni ufanye kazi.

Nilisema nitamrudia Jersey. Ni mdogo, kilo 400 hivi, Friesian anakwenda 550 na zaidi. Anakula kidogo, anapoteza joto kwa urahisi, na maziwa yake yana mafuta yanayokaribia asilimia 5. Kama maziwa yako yanaishia kwenye mtindi, siagi au jibini, unapata zaidi kwa kila lita. Kama unauza kwa kibaba mtaani, mteja hatakulipa mafuta, basi Friesian anamshinda kwa wingi. Mnunuzi wako ndiye achague. Wanaume wengi hawampendi kwa kuwa anaonekana kama swala. Shemeji zangu mnisamehe.

Sasa wewe mwenye swali. Mtamba wa Njombe mnunue, umweke Makambako kwako, azae na umkamue wewe. Hela ikibaki, au ndama dume wa kwanza akiuzwa, nunua chotara wa nusu, hata awe mweusi asiye na doa, kutoka kwa mfugaji wa kulekule Usangu, aliyezaliwa na kupe na jua la huko, na huyo ndiye wa Rujewa. Majani ya mpunga yafungwe yapande lori kuja Makambako wakati wa kiangazi, ingawa ni makavu na yatahitaji kuchanganywa na majani mabichi au mashudu. Kusafirisha majani kupandisha mlima ni rahisi kuliko kumshusha ng'ombe. Na mumeo akikasirika kwamba hukumsikiliza, mwambie chotara ni wa kwake, ampe jina.

Yupo pia mdogo wangu wa Ilembula ameuliza kama mbegu ya kuchagua jinsia ni kweli au ni uchawi wa wauza dawa. Ni kweli. Mbegu zinachujwa maabara, na ndama kama tisa katika kumi wanatoka majike. Ni ghali, na inashika mimba kidogo kuliko ya kawaida, kwa hiyo itumie kwa mtamba anayepandwa mara ya kwanza, kwa sababu mitamba ndiyo inayoshika kwa urahisi. Ukimuona na dalili za kutaka dume asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukimuona jioni, aje kesho asubuhi. Yule ng'ombe wako mzee aliyezaa mara tano na anayerudia kila mara bila kushika, mpe mbegu ya kawaida, na kabla ya hapo daktari ampime kizazi.